Shubiri Kabla ya Sindano

Jumatatu, 4 Machi
Mwaka wa thelathini na mmoja tangu niondoke kwetu. Daktari kasema sukari isiposhuka kufikia Ijumaa, ataniandikia sindano za kila siku. Sindano! Nilikimbia bunduki nikiwa na meno yote, lakini sindano siiwezi. Tegemeo langu ni mshubiri wa dirishani, mzao wa chipukizi nililokuja nalo mfukoni.

Jumanne
Jirani, mfamasia mstaafu ninayemwita Gramu kwa kuwa hata chumvi huipima, alinikuta nikikata jani. Akanisomesha palepale. Ute wa ndani ni kitu kimoja. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ni kingine. Huo wa manjano husokota tumbo na kuharisha, na ukiuchanganya na vidonge vya sukari, usishangae kuanguka. Nilimshukuru. Wivu mtupu. Dawa isiyo chungu ni sharubati. Nimekinga manjano yote. Vijiko viwili.

Jumatano
Chooni. Alasiri, chooni tena. Binti yangu akagonga kuuliza kama nimo. Nimo, mwanangu, tangu alfajiri. Nikayasingizia maharage. Chakula hakipiti. Vidonge nimemeza vyote; mimi si mtu wa kumkaidi daktari.

Alhamisi
Mwandiko huu ni shahidi: mikono inatetemeka. Asubuhi jasho baridi, chumba kikazunguka, miguu ikanikana. Nikamwona marehemu mke wangu akinikemea nivue viatu nisichafue zulia. Nikajua ndio mwisho, tena ugenini. Aliyenikuta sakafuni ni Gramu. Alinimiminia sukari mdomoni bila kuipima.
“Mzee mwenzangu,” akasema, “ulitaka kuniachia nani wa kubishana naye?”
Kisha akanisemea kwa binti yangu. Msaliti.

Ijumaa
Daktari kafoka. Vipimo vya wiki hii havifai kitu. Sindano zimeahirishwa mwezi mzima, mradi nisiguse jani lolote. Yaani shubiri imefanya kazi! Kosa lilikuwa kijiko cha pili.
Binti yangu ametupa mshubiri, chungu na vyote. Hajui kuhusu chipukizi nililolichomoa mapema. Chini ya kitanda nina jozi ya viatu ninayoing'arisha kila mwaka, akiba ya safari ya kwetu. Hakuna anayekagua humo. Nimekitoboa soli kile cha kushoto maji yapate kutoka, nikajaza udongo, nikapanda.
Kwetu sitarudi.