Meno ya Pikapu Yangu

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Pikapu imeinuliwa! Springi mpya, magurudumu yanayonifika kiunoni. Gari ni la mwaka 1984, umri wa mke wangu Sidonie, lakini leo mtaa mzima wa Mabanga ulilitazama kama limeshuka kutoka mbinguni. Sikuli, jirani yangu, mutu wa Butembo anayeuza viazi kwa pikapu ya aina ileile, alitoka nje na mswaki mdomoni. Akaitazama juu, akaitazama chini. Wivu.

Tukapakia sambaza za Sidonie, samaki wadogo wa ziwani, pale pwani ya Kituku, tukaelekea Kanyaruchinya, ambako wanawake wa kambi ya wakimbizi humngoja kila asubuhi. Kumbe! Mwinuko wa kwanza tu, vitesi ya tatu, yaani gia ya tatu, ikakata roho. Ya pili ikakohoa. Nikapanda kwa ya kwanza, injini inalia, ambreyaji, ile klachi, inanuka kama manyoya ya kuku yanayoungua. Muzee mmoja anayesukuma chukudu, baiskeli ya mbao, yenye magunia ya makaa akatupita. Akatusalimia kwa heshima.

Sidonie: “Kabla haijainuliwa, ilikuwa napanda.”

Nikamwambia ni joto.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Kwa Kanyere, fundi wetu. Mwanamke wa sauti kubwa, hajawahi kusema “sijui” tangu abatizwe. Akasikiliza injini, akatangaza kwamba ni kabureta. Akaisafisha hadi ikang’aa kama kikombe cha misa. Tukajaribu kupanda. Hakuna kitu. Akasema basi ni mafuta ya siku hizi.

Sambaza zimefika Kanyaruchinya zimelegea. Wanawake wamenunua nusu na kununa zima. Sidonie amenipa onyo: Jumamosi ni siku kubwa ya soko. Kama pikapu haipandi, samaki wake watapanda kwa Sikuli.

Kwa Sikuli! Afadhali niwabebe kichwani.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Sikwenda kazini kwangu, kwenye depo ya bidhaa. Nimewaambia ninaumwa tumbo. Ukweli ni kwamba akili ndiyo inayonisokota. Injini ni ileile, barabara ni ileile, mimi ni yuleyule. Nguvu zimekwenda wapi?

Nimeinua gari nyuma kwa jeki, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Nikachora chaki kwenye gurudumu na kwenye shafti, kile chuma kirefu kinachotoka kwenye boîte ya vitesi, sanduku la gia, kwenda nyuma. Nikaingia chini, nikazungusha kwa mkono. Ajabu! Shafti inazunguka mara nne na kidogo ndipo gurudumu limalize mzunguko mmoja. Nikarudia. Nikarudia tena. Nimelala chini ya gari nikicheka peke yangu kama mutoto aliyeona jua ndani ya ndoo ya maji. Majirani wameanza kuongea.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo! Ndani ya pont ya nyuma, ekseli ya magurudumu, kuna gia kubwa na gia ndogo, na hesabu ya meno yao ndiyo inayoamua. Gurudumu langu jipya ni kubwa, linapiga hatua ndefu kila mzunguko. Ni mutu mfupi aliyefungwa miguu ya twiga: hatua ni ndefu, mapaja ni yaleyale.

Nikakimbilia kwa Kanyere. Nikauliza: je, nibadilishe boîte? Akasema boîte yenye vitesi ya kwanza fupi, yaani ya nguvu kuliko mbio, itanisaidia kuondoka tu, nyingine zitabaki ndefu. Meno ya pont yakibadilika, vitesi zote zinakuwa fupi mara moja. Akaongeza kwamba alilijua hilo tangu jana. Mwongo.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Pont fupi imeonekana! Iko uani kwa Sikuli. Kuku wanaitagia.

Sasa mpango. Nikimwambia Sikuli ni ya pikapu, atajua gari langu halipandi. Nikamwambia ninatafuta chuma kizito cha kukaza mlango wa ua, upepo wa ziwa unausumbua. Uso wangu haukutikisika hata kidogo.

Sikuli akasema: “Kamata bure, papa Edmond. Na ya mbele hutaki? Ziko mbili, ndugu na ndugu.”

Mtego! Nikajibu haraka kwamba mlango wangu ni mmoja tu, chuma kimoja kinatosha. Akasema sawa.

Nimeizungusha nyumbani. Karibu mara tano kwa mzunguko mmoja! Nimeibusu. Ina ladha ya kuku.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Kanyere ameifunga. Nilipomwambia nimepata ya nyuma tu, akashika kiuno. Akasema ya mbele na ya nyuma zinapaswa kuwa sawasawa, la sivyo nikivuta kile kijiti cha kufanya magurudumu yote manne yavute, mbele itataka kwenda mwendo wake na nyuma mwendo wake.

“Ile kijiti usiiguse, unasikia? Hata kama Yesu anakuomba.”

Nimesikia.

Nikajaribu jioni. Vitesi ya tatu imepanda ikiimba! Nimepiga honi mbele ya nyumba ya Sikuli bila sababu.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Asubuhi ya utukufu. Beseni zimejaa, Sidonie kando yangu, kilimani tunapanda kama moshi. Sidonie akanishika bega, akasema kumbe mume wake ana kichwa. Miaka mingi sijalisikia neno hilo.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Karibu na soko, pale penye mawe ya volkano, watu wengi wamesimama wanatutazama. Nikajiuliza: mbele na nyuma zikibishana, itasikika vipi? Ni udadisi tu, naapa. Na kidogo kujionyesha kwa watu wale.

Nikavuta kijiti.

Pikapu ikaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili. Sidonie akashika rozari. Kisha PAA! chini ya miguu yetu, na mafuta yakamwagika juu ya mawe. Boîte ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, imepasuka.

Jua juu ya samaki. Sidonie alichukua simu akampigia Sikuli.

Sikuli akaja na pikapu yake isiyoinuliwa. Akainama, akaona pont ya kuku wake. Akauliza taratibu:

“Papa Edmond, ndio hii mulango?”

Samaki wakafika wazima, wanawake wakanunua wote. Sidonie alikaa mbele na Sikuli. Mimi nyuma, katikati ya beseni.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Nimekwenda kwa Sikuli mwenyewe, kofia mkononi. Nikasema ukweli wote. Akacheka mpaka kuku wakakimbia, kisha akaniletea pont ya mbele, tayari imepanguswa. Alikuwa amenitengea tangu siku ile. Hakutaka chochote isipokuwa nimwonyeshe ile hesabu ya chaki. Tumelala chini ya gari lake, wazee wawili, tukizungusha shafti na kubishana. Mutu mzuri sana. Nimekuwa nikisema hivyo siku zote.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Kanyere amemaliza. Boîte ndogo nyingine, mbele na nyuma sawasawa. Pikapu inapanda Kanyaruchinya kwa utulivu. Barabara ikinyooka inapiga kelele na haikimbii, lakini samaki hawajali. Sidonie ameongea nami tena. Amesema nipitishe chumvi.

Jumapili, tarehe 23 Juni

Baada ya misa nimeshuka Kituku kumsalimia Baharanyi, mvuvi anayemuuzia Sidonie sambaza. Mtumbwi wake una mota ndogo, unakwenda vizuri, hana malalamiko. Nikatazama helisi yake, lile panga linalozunguka majini. Ndogo mno! Inatia huruma. Pale pwani wanauza nyingine, kubwa karibu mara mbili, inang’aa. Nikamwambia aifunge, mtumbwi utaruka na utapendeza. Akauliza kama mota yake itaiweza. Nikamwambia aniamini, mambo ya kuzunguka mimi nimeyasomea chini ya gari.

Amekubali! Tunaifunga kesho alfajiri, kabla Sidonie hajafika. Sioni haja ya kupima.