Kambi Mbili Alizozifuta Bwana Faradji

Mbele ya Lusangi, kando ya mto, Jumapili, mwezi wa Rajabu

Kwa shemeji yangu Mzee Assumani bin Amuri, mkubwa wa wazee wa Kasongo, Mungu akuzidishie siku.

Salamu nyingi. Na baada ya salamu nakuarifu kwamba mimi ni mzima na nimeshafika Kabambare. Nimefika tangu Ijumaa, wakati wa alasiri, na mzigo wangu wote. Ndivyo ilivyoandikwa katika daftari la njia, na daftari ni la Serikali, mimi nani hata nibishane nalo? Ila leo ni Jumapili, na makalio yangu, uniwie radhi, yamekaa juu ya jiwe kando ya mto uliofurika, na imebaki siku nzima ya kutembea mpaka huko nilikokwisha kufika.

Nakuandikia kwa mkono wangu kwa sababu nimesikia Komanda amewataka wazee mchague mtu mmoja avikwe nishani, awe mkubwa wa mji, na kwamba mtakaa kitako baada ya sala ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nimesikia pia kwamba jina linalovuma ni la Bwana Faradji bin Alimasi, Msimamizi wa Njia. Barazani neno lako ndilo linalofuatwa. Basi kabla hujalitoa, nisikilize mimi mjane wa ndugu yako.

Simchukii Faradji. Namjua tangu alipokuwa akipiga ngoma mbele ya misafara ya Waarabu, na ngoma aliipiga vizuri, haki ya Mungu. Serikali ilipoingia, Komanda aliuliza nani anaijua njia ya Kabambare, na Faradji ndiye aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Akapewa kofia na daftari. Kiangazi kile akaenda kuikagua njia kwa machela, wanaume wakipokezana kumbeba mbio mbio, hawana mzigo mwingine ila yeye. Nawe unajua, njia hii tangu enzi za baba zetu ni ya siku saba. Faradji alishiba, akasinzia, akapitishwa kambi mbili bila kuziona. Aliporudi akamwapia Komanda kwamba njia ni ya siku tano, watu wa zamani walikuwa wavivu tu. Komanda akafurahi, akampa mkono. Kambi ya tatu na kambi ya sita zikafutwa kwa wino. Hii nilipo ndiyo ya sita. Kwa hiyo, shemeji, barua hii inatoka mahali pasipokuwapo.

Malalamiko yangu ni haya:

La kwanza. Posho ya wapagazi imekatwa, sasa ni ya siku tano. Miguu yao haikukatwa, wala matumbo. Nimesafiri na wapagazi kumi na wawili wa Serikali, mkubwa wao nyampara Kalonda, mtu mpole wa Kibangubangu. Kule Kasongo Kalonda alimwuliza karani kuhusu chakula cha siku mbili za mwisho, na karani kwa adabu zote akamwuliza, siku mbili gani? Tangu Ijumaa jioni wanachemsha majani ya porini bila chumvi. Jana nimewagawia kibaba cha mchele wangu, watu kumi na wawili kwa kibaba kimoja, nikaona haya hata kuwatazama wakila.

La pili. Zamani watu wa kijiji cha hapa walikuwa wakileta muhogo na sombe, majani yake, kuuza kambini. Wakaambiwa na Serikali kwamba hapa hapalali mtu tena. Jana Kalonda alikwenda kuomba watuuzie chakula, na mkubwa wa kijiji akamjibu kwamba yeye anatii amri: kambi hakuna, basi hao waliokaa mtoni ni majini, na yeye hauzi muhogo kwa majini. Sikumlaumu. Ukimtii Faradji sawasawa, hayo ndiyo majibu.

La tatu ni daraja. Magogo ya hapa yalikuwa yakitengenezwa kila masika na watu wa kambi. Kambi ilipofutwa, daraja nalo likajifia. Mto peke yake haukupelekewa habari. Maji yanamfika mtu mrefu kifuani, na mimi urefu wangu unaujua, maana wewe ndiwe uliyeuliza siku ya harusi yangu kama bibi harusi amesimama au amekaa.

La nne, na hili silitaji kwa mzaha. Faida mwanangu yuko Kabambare, na siku zake za kujifungua ni wiki hii. Mwaka juzi alijifungua mimi nikiwa Kasongo, na yule mtoto hakuishi hata kuadhiniwa sikioni. Safari hii alinitumia mtu, akasema, mama njoo, sitaki tena kuzaa kwa mikono ya watu baki. Nikafunga mchele, asali na tangawizi, nikaondoka Jumatatu. Asubuhi ile ile karani aliandika siku yangu ya kuondoka na siku yangu ya kufika, kalamu haijakauka. Kwa hiyo katika daftari nimekaa kitandani kwa mwanangu, namshika mgongo. Kumbe mwanangu anautazama mlango. Naogopa, shemeji. Naandika ya kuchekesha kwa sababu nikiacha nitalia mbele ya wapagazi, nao wana shida zao.

La tano. Mtu aliyefupisha njia kwa kusinzia, mkimvika nishani ataishia wapi? Ramadhani ataisinzia siku kumi, atoke na kutangaza kwamba mwezi mtukufu ni wa siku ishirini. Sala ya alasiri inamkuta amelala kila siku, nayo ataifuta. Mimba atazipa miezi saba, na mtoto atakayechelewa atatozwa faini ya kuzurura. Mwisho atatuandika sote kwamba tumeshafika peponi, na aliyefika peponi hahitaji posho, wala daraja, wala mkubwa wa mji. Hapo hata yeye mwenyewe atakuwa amejifuta, lakini hatajua, atakuwa amelala.

Basi ombi langu ni dogo. Msimchague. Na kama wazee wamekwisha kula pilau yake na hawana budi, basi kwanza aende Kabambare kwa miguu, masika haya haya, na kifurushi cha mzigo kichwani na posho ya siku tano. Siku ya sita mtume mtu hapa mtoni amwulize njia ni ya siku ngapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akijibu saba, mpeni nishani, na mimi nitapiga vigelegele.

Nisalimie mke mwenza wa marehemu dada yetu na watoto wake, nisalimie Amisa na mguu wake unaomuuma, nisalimie majirani wote wa mtaani hata yule aliyeniazima kinu. Mwambie kinu kiko nyuma ya mlango. Kalonda na watu wake nao wanakusalimu, kwa sauti ndogo.

Ni mimi shemeji yako niliyekwisha kufika,
Hawa binti Abdallah

Nyongeza. Haya nayaandika Kabambare, Jumatano.

Shemeji, niliyoyaandika juu usiyasome barazani. Jumatatu asubuhi, barua sijaitafutia mchukuzi, Bwana Faradji alitokea pale mtoni, anakwenda kuamkia wazee wa Kabambare. Alikuwa na machela mbili, moja yake na moja ya kanzu zake. Aliposikia mimi ni mjane wa ndugu yako, akashuka mwenyewe, akanipa pole, akaamuru kanzu zitwikwe kichwani kwa mtu na mimi niwekwe kwenye machela ya kanzu. Hakuniomba kitu ila niseme neno jema kwako. Nikamtazama, nikautazama mto, nikamkumbuka Faida. Nikaapa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Walinivusha, maji yakiwafika wenye machela shingoni, mimi hata kanga haikulowa. Halafu, kwa uchovu wa siku saba, nikalala. Nilipofumbua macho niliona nyumba za Kabambare. Ile siku nzima ya kutembea niliyokuandikia, mimi sikuiona. Wabebaji kama walilalamika, sikuwasikia. Nikiulizwa leo, siwezi kuapa kwamba njia ni ya siku saba.

Jana Faida amejifungua mtoto wa kiume. Amelia kwa nguvu, ameadhiniwa, ananyonya. Mgongo wa mwanangu niliushika mimi mwenyewe. Kwa hiyo mchagueni Faradji. Nimeapa, na kiapo changu usinivunjie.

Jambo moja tu. Kalonda na wenzake niliwaacha ng'ambo ile ya mto. Mchele uliobaki nilikuja nao wote, nikasema ni wa mzazi. Mpaka leo hawajatokea. Asubuhi nimekwenda kwa karani wa hapa kumwomba apeleke watu wakawatafute, na chakula. Akafungua daftari, akanionyesha kwa kidole kwamba wamefika tangu Ijumaa.