Sahani za Waridi Uchochoroni

Jumapili, 12 Mei 2019

Sina raha. Nimesimama dirishani tangu adhuhuri. Jua la Aston, hapa Birmingham, halina haya, halitaki kuzama nifuturu! Nyuma ya nyumba ya mwenyeji wangu Ameir kuna uchochoro: ukuta wa matofali, mapipa ya taka, mageti yanatazamana. Leo ndiyo nimekumbuka nimeuona wapi. Katuni! Ile niliyotazama utotoni kwa jirani, Unguja: paka mnene wa rangi ya chungwa, hana kazi, amekaa juu ya pipa, na kila dirisha linamtupia samaki. Adui yake mmoja tu, bata bukini mwenye funguo. Uchochoro ninao, kazi sina, na harufu ya katlesi za Bi Jokha wa nyumba ya pili inanitoa roho. Imebaki akili tu. Ninayo.

Jumatatu, 13 Mei

Mpango! Kwetu Ramadhani jirani akikuletea sahani, huirudishi tupu. Aibu. Basi natuma tende moja, inarudi biriani. Sahani nimezitoa kabatini, zile za waridi ambazo Ameir aliletewa na mama yake kutoka Unguja. Mwenyewe yuko Leicester kikazi. Kaniachia sebule nilale, sharti moja tu: sahani za mama zisiguswe. Nimezigusa kidogo. Moja kwa Bi Jokha. Moja kwa Bwana Hasmukh, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, anayejua desturi zetu kuliko mimi. Moja kwa Keinan, Msomali wa Eastleigh ya Nairobi, mshika ufunguo wa geti la uchochoro, anayejiona meya. Bukini ndiye yeye. Nimezifunika kwa foili, zikaonekana zimejaa.

Jumanne, 14 Mei

Hakuna kitu. Nimefuturu maharage ya kopo, sikio mlangoni. Mchana nilikutana na Bi Jokha. Akanishika mkono, akanitazama kwa huruma, akaniombea riziki pana. Dua nimepokea. Sahani je?

Jumatano, 15 Mei

Bado! Hasmukh alikuwa akimwagilia nyanya zake. Nikamuuliza habari za nyumbani, za nyanya, za vyombo. Akajibu vyombo vyote vizima, ahsante. Mzee mjanja huyu! Labda tende moja haikuwatia aibu ya kutosha. Nimetuma sahani nyingine kila geti: tende, na kipande cha chungwa. Kabati limebaki jeupe.

Alhamisi, 16 Mei

Ameir amepiga simu. Anarudi Jumamosi. Mama yake anakuja Iddi, kwa hiyo anataka sahani zing'arishwe. Nikasema bila shaka. Jasho! Sahani zikipotea, sebule nayo imekwenda, na Birmingham nzima sina sebule nyingine. Nimepanda na kushuka ngazi mpaka jirani akagonga ukuta.

Ijumaa, 17 Mei

Baada ya sala nilipitia nyuma. Nikapanda pipa la Bi Jokha, nikachungulia jikoni. Nikaziona! Zote, zimeoshwa, zimepangwa pamoja. Njama! Sasa, pipa lina magurudumu. Hilo sikulifikiria. Likaondoka, kifuniko kikafunguka, nikaingia kichwa mbele. Keinan akanikuta miguu juu, ganda la ndizi shingoni.

"Vuai, buda! Kwani njaa imekufikisha kwa bin? Si ungesema tu!"

Nikafungua mdomo nieleze. Nieleze nini, kwamba nilikuja kuiba sahani? Akanivuta, akanipangusa koti kwa leso yake mwenyewe. Bukini ana mikono ya upole. Nimechukia sana.

Jumamosi, 18 Mei

Wameweka meza uchochoroni, katikati ya mapipa! Tambi na katlesi za Bi Jokha, sambusa za kwa Keinan, kachori za Hasmukh. Vyote juu ya waridi. Kumbe waliona tende moja wakasema maskini, huyu anagawa tonge lake la mwisho. Kila mmoja akaona haya kurudisha sahani yenye kitu kidogo, wakakubaliana kupika pamoja. Mara Ameir huyo, begi begani. Akaona sahani. Akaniona mimi. Kabla hajasema neno, Bi Jokha akamvaa.

"We Ameir! Mgeni wako anagawa tende yake, we umefungia sahani za mamako kabatini? Huoni haya?"

Ameir akaona haya. Kweli! Mimi nikala mpaka machozi yakanitoka. Si pilipili. Tangu nije nchi hii sijawahi kufuturu na watu meza moja.

Jumapili, 19 Mei

Sebule bado yangu. Sahani zimerudi kabatini na ufunguo uko mfukoni mwa Ameir. Bi Jokha amesema nisitume tena kitu, geti lake liko wazi: jua likizama niingie, nikae, nile, kila siku. Keinan naye kanichongea ufunguo wa uchochoro. Nimezunguka sebuleni tangu alfajiri nikilifikiria jambo hili. Kuingia tu? Bila mpango? Hapana, hapo pana mtego. Bahati nzuri Ameir amesahau kufunga kabati la chini. Humo mna mabakuli ya supu, waridi zile zile, tena yana vifuniko. Bakuli linabeba kuliko sahani. Tende zimebaki chache. Leo nazikata nusu nusu.