Vibuyu vya Napari

Napari alikutana na neno hilo kwenye kioo cha duka mjini Tamale: SHEA. Chini yake palikuwa na kikopo cha kutosha kupaka shavu moja, na bei ya kununulia mbuzi na kamba yake. Akaingia, akanusa. Ni kpam ya kijijini kwao! Mafuta yale yale aliyopakwa magotini na mama yake tangu utotoni, na kukaangiwa kunde.

Kumbe nimekulia ndani ya utajiri, akajisemea, na magoti yangu hayakuniambia kitu.

Aliazima pikipiki ya mkewe, Azara, akiapa kwamba anakwenda kutafuta kazi. Azara alikuwa na viapo vya mumewe vya kutosha kujaza ghala. Akampa ufunguo na onyo: asiporudi nayo, akalale kwa mama yake, na huko aoe.

Kijijini, Napari alisalimu mpaka kuku wakahisi wameulizwa hali. Kisha akamweleza Lariba, magazia, yaani kiongozi, wa wanawake wanaokamua siagi hiyo ya kokwa, kwamba wanachotengeneza wao ni kpam tu. Wakubwa wa Accra wanataka shea. Tofauti iko kwenye mashine, na mashine iko mjini. Yeye ataipeleka kpam, atarudi na faida.

Lariba alimsikiliza akiwa ameshika tama.

"Kwa hiyo, mwanangu, kpam ikipanda gari inakuwa shea?"

"Mama, hata mimi nikivaa koti naitwa bwana mkubwa."

"Koti naliona," Lariba akasema. "Tuachie pikipiki, basi, mpaka bwana mkubwa arudi."

Napari aliiacha pamoja na ufunguo wake bila kupepesa jicho. Mfukoni alikuwa na ufunguo wa pili. Wanawake wakienda kuokota kuni, angekuja kuichukua kimya kimya, awe na siagi na pikipiki, na wao wabaki na maelezo.

Alitaka kusimamia kazi, lakini Lariba akamzuia. Mwanamume akisogelea siagi inapokandwa, hugoma kuganda. Hilo Napari alilijua. Mama yake aliwahi kumfukuza na mwiko kwa kosa hilo hilo. Akageuza kiti, akautazama ukuta. Nyuma yake wanawake walimsifu kwa adabu, na mchi ukadunda. Akadhani zinapondwa kokwa. Akautabasamia ukuta kama mtu aliyeuposa.

Vibuyu vilitoka vimejaa, vyeupe, vigumu kwa baridi ya harmatani, upepo mkavu wa jangwani. Akavipakia kwenye gari la kukodi mpaka kwa Alhaji Dokurugu, mnunuzi mwenye tamaa iliyojulikana sokoni. Alhaji alitaja bei, Napari akakubali upesi mno, na hapo Alhaji akaingiwa na shaka. Akachukua sipoku ya baiskeli, akaidunga kibuyuni. Juu ikapita kwenye siagi, unene wa kidole. Chini ikakwama kwenye kiazi kikuu kilichopondwa.

Alhaji alidunga kila kibuyu, polepole, kama daktari mwenye wagonjwa wasiolipa.

"Mtoto mzima wa huku kwetu Dagbon," akasema, "na hujui kudunga kabla ya kubeba?"

"Kwetu wanaodunga ni wanawake," Napari akajibu, na mara akasikia alichosema.

Dereva alichukua koti kuwa nauli. Napari akarudi kijijini kwa miguu, kibuyu kimoja kichwani, ufunguo mfukoni. Kuni zilikuwa zimeshaokotwa. Wanawake wote walikuwa uani wakila, na juu ya pikipiki alikaa Azara. Lariba alikuwa amemtumia ujumbe aje aichukue. Pikipiki yake ya rangi ya waridi ilijulikana kila kijiji mpaka mji wa Yendi.

"Ulisema shea na kpam ni vitu viwili," Lariba akamwambia kwa upole. "Tukakupa shea. Kpam tumebaki nayo sisi."

Azara alikitazama kibuyu.

"Umeniletea nini? Shea?"

Napari alifungua kinywa, na kwa mazoea uongo ukajipanga mstari. Akawaangalia wanawake wale. Akaufukuza.

"Kiazi kikuu," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza la kweli tangu harusi, na Azara alilitafuna kidogo kabla ya kupiga kiki.

"Basi kalale kwangu," akasema. "Ila utakipika wewe." Akaondoka, akamwachia vumbi na njia nzima ya kwenda nyumbani.