Kitufe cha Mtani

Redio ya Yusuph ilisema jambo moja tu, vikombe vyote vikasimama njiani kuelekea midomoni. Wajumbe wa mataifa wamekutana huko ughaibuni, wanalalamika kwamba nchi moja imeshika mitambo, imeshika mitandao na habari za dunia nzima, na siku ikiamka na kisirani inaweza kumzimia yeyote.

"Nchi moja!" Yusuph, fundi cherehani ambaye kijiwe cha nyuma ya stendi ya Msamvu kinamwita Redio Mbao, akajipiga goti. "Si waitaje jina tu?"

"Waitaje, wazimiwe maikrofoni?" akajibu Dominiko, mdomo umejaa kashata. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, muuza vipuri vya pikipiki, kijiweni anaitwa Spana.

"Basi wakashtaki Umoja wa Mataifa."

"Umoja wa Mataifa wenyewe umepanga kwao, Redio! Utamshtaki mwenye nyumba sebuleni kwake?"

Mwanvita, mwenye kahawa yake, akacheka mpaka birika likataka kumponyoka. Aliyenuna ni Rehani peke yake. Siku zote Mluguru huyu, Kabichi kwa jina la kijiweni, ndiye anayewasha moto. Leo ameinamia simu kama anasoma majibu ya hospitali.

"Kabichi, vipi, umefiwa na mche?" Spana akamchokoza.

"Wamenizima."

"Nani?"

"Hao hao wa redioni! Ukurasa wangu wamefunga tangu alfajiri. Fuso limeshashuka kutoka Mgeta, limejaa kabichi mpaka juu ya turubai, na wateja wa Dodoma na Dar nawapata humo tu. Namba zao zote ziko humo humo!"

Kila mtu pale alijua kwamba lile shamba la mlimani ni la ukoo wa mama yake Rehani. Wajomba walimkabidhi mavuno yote kwa kuwa yeye ndiye mjanja wa mtandao. Kurudi kuwaambia kabichi zimeozea Msamvu kwa sababu ya nchi ambayo hawajawahi kuiona, heri angelala na chatu.

"Kwani umekosa nini?" Mwanvita akauliza.

"Eti nimetishia kuua."

"Wewe? Unayekimbizwa na jogoo wangu?"

"Nimemtishia huyu hapa." Rehani akamsonta Spana. "Juzi alipofiwa na mama mkwe, si nilimwandikia?"

Redio Mbao akanyakua simu, akasoma kwa sauti ya mtangazaji: "'Mnyamwezi mbwa wewe, nakuja na jembe. Kaburi nimelipanua, nakuzika na wewe humo humo.'"

Kijiwe kizima kikashika mbavu. Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na msibani mtani asipokutukana ujue hana uchungu nawe. Siku ile Rehani alitukana tangu asubuhi, akachimba kaburi, akachota maji, akasugua masufuria. Lakini mtambo wa ng'ambo utamjulia wapi mtani?

"Ndiyo hatari yenyewe!" Redio Mbao akafoka. "Mtu hajui hata Tabora iko upande gani, leo anatupangia namna ya kutukanana msibani!"

"Tulipopewa bure tukapiga vigelegele," Mwanvita akasema. "Nguo ya kuazima haistiri matako."

"Tulieni. Wamesema niliyemwandikia akikana, wananifungulia," Rehani akasema.

Simu ya Spana ikalia palepale. Akaisogeza mbali na macho, akasoma taratibu: "'Je, mtu huyu ni hatari kwako?' Kuna Ndiyo, kuna Hapana."

"Bonyeza Hapana, mtani. Nakuomba."

"Ati? Rudia, mashahidi wasikie. Mluguru anamwomba Mnyamwezi?"

"Nakuomba, Spana."

"Piga magoti kwanza."

Rehani akapiga magoti vumbini. Aliona aibu, lakini akilini aliwaona wajomba pia.

Spana akabonyeza Ndiyo.

Rehani akajaribu kucheka, maana mtani hanuniwi. Lakini alikuwa na hasira ya kweli, na mila haikumpa pa kuitolea.

Spana naye alikuwa anafuta machozi ya kicheko, mara akaitazama tena simu. Kashata ikamdondoka. "'Asante. Uamuzi huu ni wa mwisho.' Wa mwisho? Kah! Mimi si nilikuwa natania? Nilijua watauliza tena! Hata kadhi hurudia swali!"

Redio Mbao akazima redio yake. "Kumbe nchi zilizotushika ni mbili. Hiyo moja, na Unyamwezi."

Rehani akainuka, akajipangusa magoti, akamshika Spana mkono kwa upole, kama anamsindikiza bwana harusi.

"Twende Mgeta, mtani. Hicho kitufe utawaeleza wajomba wewe mwenyewe. Na wale hawaulizi mara mbili."