Kunyoosha Sauti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza mezani: chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, kitapata mwenyewe wiki ijayo. Ama mimi nifungue studio, ama shemeji, kaka wa mke wangu, aweke vyerehani vyake. Atakayeonyesha kuijali nyumba hii ndiye atakayepewa. Shemeji alitabasamu tu. Hajui anashindana na nani!

Mimi nina mbinu. Mama mkwe ana kanda moja ya marehemu mumewe akiimba. Kila Jumapili, baada ya kuosha vyombo, huisikiliza. Mzee, Mungu amrehemu, aliteleza kwenye noti tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Na mimi nina programu ya kunyoosha sauti.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima kanda mama mkwe akiwa sokoni. Nimeiingiza kwenye kompyuta. Kwenye skrini sauti ya mzee ilionekana kama kamba ya nguo iliyolemewa na mablanketi. Nikavuta noti moja moja hadi mahali pake. Saa sita nzima! Aibu kubwa iko ubeti wa tatu: anaparamia noti ya juu, anaikosa, anakohoa, anacheka. Nimempandisha hadi juu. Kikohozi nimekata. Kicheko pia. Sasa anaimba kama malaika. Malaika mwenye mafua kidogo, lakini malaika.

Mke wangu alichungulia, akasema ya mama niyaache yalivyo. Nikamwambia yeye ashughulike na yake.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo! Nimerekodi sauti mpya juu ya kanda ile ile, ili mama akibonyeza tu akutane na raha. Sauti ya zamani nimeifuta pia kwenye kompyuta. Ilikuwa inajaza nafasi.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe aliosha vyombo, akafuta mikono, akabonyeza redio ya kanda. Ubeti wa kwanza aliinamisha kichwa. Wa pili akaanza kutazama mlangoni. Wa tatu mzee akaidaka noti ya juu bila jasho, na mama mkwe akazima redio.

Aliuliza huyu ni nani. Nikajibu, kifua mbele, kwamba ni baba. Akasema aliishi na mumewe miaka thelathini na moja na mzee hakuwahi kuifikia noti ile. Siku ile ya kurekodi mzee alicheka kwa sababu yeye, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni akimcheka. Akasema hakai nyumba moja na mwanamume asiyemjua, nimtoe. Akaingia chumbani kwake, akafunga. Nikamsikia akilia.

Moyo uliniuma. Hapa siandiki mzaha.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeshinda nikimpotosha mzee upya. Haiwezekani! Kukosea kwake kulikuwa na utaratibu wake. Mke wangu alinielekeza: hapa ashuke, hapa achelewe. Kikohozi nilikohoa mwenyewe. Mama mkwe alisikiliza kidogo, akasema hicho ni kikohozi cha mtu mvivu.

Jioni akaja shemeji na simu yake. Wimbo wote anao, na kikohozi, na kicheko! Eti aliunakili wiki ile ile nilipohamia hapa na kompyuta yangu. Eti akiba haiozi. Mama mkwe alisikiliza mara nne, na mara zote nne alicheka pale pale.

Sikuuliza habari za chumba.

Jumatano, 12 Machi
Vyerehani vimeingia tangu asubuhi. Vitatu. Shemeji amenipigia hodi kuniomba nimsaidie kubeba meza, nami nikambebea, nifanyeje.

Mama mkwe amenisamehe. Amesema mkwe ni mkwe, hatupwi, akanimiminia chai. Kisha akanituma kwa fundi wa fremu na picha ya marehemu, ile aliyopigwa siku ya harusi yao. Amesisitiza nipeleke tu. Nisiiguse.

Nimeitazama njiani. Jicho la kushoto la mzee linaangalia pembeni, masikini, kama anatafuta mtu. Miaka yote hiyo hakuna aliyejali! Nimerudi nyumbani mara moja, nimeiingiza kwenye kompyuta, na sasa anatazama mbele sawasawa. Mdomo nao umepinda upande mmoja. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, halafu mama atajua nani anaijali nyumba hii.