Mwanajeshi Asiye na Kiwanja, na Kiwanja Kisicho na Mwanajeshi

Kwa Bibi Asha,
Mlali,
Morogoro.
24 Mei.

Meneja wa Tawi,
Benki ya Paa Langu,
Morogoro Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO SABA KUHUSU MKOPO WA NYUMBA WA BABA YANGU

Shikamoo. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua rasmi haiamkii mtu, lakini bibi yangu atasomewa barua hii kabla haijaondoka, na sitaki anirudishe mwanzo.

Mimi ni binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha sita mwezi huu. Ndimi yule niliyekaa ofisini kwenu Jumatatu, katikati ya baba mwenye magwanda na bibi mwenye bakora, bila kusema neno. Nilikuwa na mengi ya kusema. Huwa yananijia nikishafika nyumbani, ndiyo maana naandika.

Baba yangu, Sajini Luqmani Pazi, anastaafu Desemba, na siku hiyohiyo tunarudisha ufunguo wa kota yetu kule Ngerengere. Hatuna nyumba nyingine. Aliposikia habari za Mpango wenu wa Nyumba ya Askari, kwamba mwanajeshi anakopeshwa ajenge kisha analipa polepole kutoka kwenye pensheni, alifurahi mpaka akaipigia redio saluti. Mama alikwenda sokoni siku ileile akanunua mapazia ya madirisha manne. Mapazia yapo. Madirisha bado.

Kiwanja nacho kipo, hapa Mlali, chini ya mlima, na udongo wake ni mzuri. Malalamiko yangu yanaanzia hapo, na nimeyapa namba ili yasitoroke.

1. Fomu yenu ina mstari mmoja tu wa jina la mwenye ardhi. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Watoto ni wa ukoo wa mama, na baba ni mkwe. Nilijaza majina arobaini na matatu, nikageuza karatasi, nikaomba nyingine. Afisa mikopo wenu, Kaka Evance, aliuliza kwa nini wanane kati yao nimewawekea nyota. Nilimwandikia pembeni kwamba hao ni marehemu, lakini bado tunawahesabu.

2. Kaka Evance alisema ni lazima mwanajeshi mwenyewe amiliki kiwanja. Naomba aelewe anachokiomba. Baba akisema "Lala chini!" vijana sitini wanalala kwenye matope. Lakini mwaka juzi alipanda mche mmoja wa mchungwa hapa Mlali bila kuuliza, na kwetu mkwe akipanda mti wa kudumu ni kama ametangaza kwamba ardhi ni yake. Ukoo ulikaa kikao siku mbili. Mjomba Mwinshehe, kaka yake mama, alimuuliza, "Shemeji, huu mchungwa unataka kutuambia nini?" Baba aliung'oa mwenyewe na kuukabidhi kwa bibi kwa mikono miwili. Huyo ndiye mnayetaka akamwombe bibi kiwanja kizima.

3. Pamoja na hayo, tulitii. Bibi aliitisha ukoo. Baba aliambiwa asubiri nje, akasubiri na kuku. Ukoo ukasema mkwe hapewi ardhi, ila Zuhura, yaani mimi, ni mtoto wa ukoo, na Zuhura anapewa leo hii. Muhtasari ukaandikwa, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri mara tatu, ingawa mara moja ingetosha. Mama alilia, mimi nililia, baba aliitwa ndani akapewa habari na soda. Tulipouleta muhtasari huo kwenu, Kaka Evance aliusoma mara mbili, akashika kichwa. "Sasa hapa nina mwanajeshi asiye na kiwanja, na kiwanja kisicho na mwanajeshi," alisema. "Nileteeni vyote viwili kwenye mtu mmoja!"

4. Mtu huyo ni mimi. Nimepangiwa mafunzo ya kijeshi ya JKT, ya miezi mitatu, na ninaripoti mwezi ujao. Nitavaa magwanda, nitanyolewa nywele, nitaimba huku nakimbia. Kaka Evance alisema miezi mitatu haihesabiki kuwa utumishi. Sijui kama amewahi kukimbia miezi mitatu. Lakini sipendi ugomvi. Miezi mitatu ni robo ya mwaka, kwa hiyo naomba nikopeshwe robo ya nyumba, yaani chumba kimoja na baraza. Baba na mama watakaa kama wageni wangu.

5. Kama mimi ni mdogo mno, msajilini bibi. Anaamka kabla ya adhana na kukagua uwanja kama umefagiwa. Kwa miaka arobaini amelinda mahindi yake dhidi ya ngedere wanaoshuka kutoka msituni, peke yake, bila kuomba nyongeza ya askari. Baba mwenyewe akimwona kwa mbali huinama kukaza kamba za viatu, hata akiwa amevaa kandambili. Nimeambatanisha picha ya bibi akiwa na bakora. Naomba apewe cheo kisichopungua luteni, kwa sababu akiwa chini ya baba kutakuwa na matatizo ya nani ampigie nani saluti.

6. Nilipompa Kaka Evance hoja hizo kwa maandishi (karatasi mnayo), alisema kwa utani, "Basi binti aolewe na mwanajeshi, tumalize kazi." Ofisi nzima ilicheka isipokuwa bibi. Naomba nijibu sasa, kwa kuwa siku ile sauti haikutoka. Mume wangu naye atakuwa mkwe. Tutakuwa na wanajeshi wawili wasio na kiwanja, wote nje na kuku.

7. Mwisho kabisa, Kaka Evance aliinama akasema taratibu, "Bibi, ukweli ni kwamba hata hayo yakipatana, hii ni ardhi ya ukoo. Mkishindwa kulipa, sisi tutaipigaje mnada?" Bibi aliuliza mnada ni nini. Alipoelezwa, alichukua bakora yake, tukarudi Mlali.

Kesho yake alitoa uamuzi. Benki inaogopa kwa sababu ni mgeni, basi isiwe mgeni. Ukoo umekaa tena na umekubali kuipokea benki yenu kuwa mtoto wa ukoo. Ikishakuwa mtoto, ardhi ni yake pia, na hakuna mtu anayekaa na wasiwasi wa kunyang'anywa kilicho chake. Pia haitakuwa na haja ya mnada, kwa sababu mjukuu hauzi mahali walipozikwa bibi zake. Masharti ni mepesi. Benki itakuja misibani yenyewe, si kutuma rambirambi kwa simu. Itapalilia siku mbili kila msimu. Na itamwamkia Mjomba Mwinshehe, hata kama ina matawi mengi kuliko yeye. Imepewa jina la Furaha. Naomba muiongeze kwenye fomu, namba arobaini na nne, bila nyota.

Ndugu Meneja, sioni kizuizi kilichobaki. Mwanajeshi mnaye, kiwanja mnacho, na ninyi wenyewe sasa ni ndugu wa kiwanja. Naomba mkopo utoke kabla ya Desemba, kwa sababu baba ameanza kuzunguka kota akigusa kuta, na anadhani hatumwoni.

Bibi anawasalimu wote, na anauliza kama yule dada wa dirisha la pili amepona kikohozi. Mama anawasalimu. Baba anawasalimu kwa ukakamavu. Mimi nawasalimu pia, hasa wale ambao sikuweza kuwaitikia.

Wenu katika kujenga,

Zuhura Luqmani Pazi
(mwenye kiwanja)

Baada ya sahihi, 30 Mei: Naomba radhi kwa barua kuchelewa. Niliileta mwenyewe Jumatatu, lakini mlinzi wenu wa mlangoni aliniuliza, "Binti, nikusaidie nini?" nikasema hamna, nikarudi Mlali. Kwa hiyo ile hoja ya nne, ya mimi kuwa mwanajeshi, msiitilie mkazo sana.

Jioni hiyo nilimsomea bibi tena barua yote. Aliuliza swali moja ambalo tulikuwa hatujamjibu: mkopo unalipwa miaka mingapi? Nikamwambia kumi na mitano. "Miaka kumi na mitano, kwa vyumba vitatu?" alisema. "Na hawa watu wangu arobaini na watatu wana kazi gani?" Nikamkumbusha kwamba wanane wana nyota. Akasema waliobaki wanatosha.

Leo ni siku ya nne. Msingi umechimbwa, na matofali yamejaa uwanja mzima yanakauka kusubiri tanuri. Baba anaamuru foleni ya wabeba udongo, bibi anamwamuru baba. Mama amesimama pale patakapokuwa na dirisha, ameshika pazia, anaambiwa asogee. Kwa hiyo mkopo hatuuhitaji tena, na malalamiko yote saba nayafuta.

Ila Furaha ameshatangazwa, na kwetu mtoto akishapokelewa hafutwi. Tunamsubiri Jumamosi asubuhi na jembe lake. Kaka Evance anaweza kumwakilisha. Aache tai.

Na jambo la mwisho. Ule mchungwa haukufa. Kumbe bibi aliupanda kwenye kopo la rangi nyuma ya jiko, akawa anaumwagilia miaka yote miwili bila kumwambia mtu. Asubuhi hii amemrudishia baba mbele ya ukoo mzima, akamwambia aupande mlangoni. Baba aliupokea kwa mikono miwili, akauweka chini taratibu, akaupigia saluti.